Mzizi Unaolegeza Uji

Mzizi wa kwanza nililetewa nyumbani Tabata, umeviringishwa kwenye ukurasa wa gazeti la Kifaransa. Binamu yangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Hupeleka salfa Kolwezi, nchini Kongo, na kurudi Dar es Salaam na shaba. Anajua kwamba huu ni mwaka wangu wa tatu napika pombe nyumbani, kwa mapenzi tu, na kila anakopita huniulizia wenyeji wanakunywa nini. Safari ile alileta mzizi. Ulikuwa mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, mkavu, rangi ya udongo, na ulipovunjika ulitoa nyuzi nyeupe.

"Unaitwa munkoyo," akaniambia. "Wanautia kwenye uji, uji unageuka kinywaji. Hakuna kimea, hakuna hamira, hakuna ndizi. Mzizi tu."

Sikumwamini, kwa sababu nilidhani najua pombe inavyopatikana. Nimekulia Marangu, na pombe ya kwetu ni mbege. Ndizi mbivu huchemshwa hadi ziwe nyekundu, zikaachwa zichache, kisha hutiwa kimea cha ulezi, na wengine huongeza gamba la msesewa ili iwe na uchungu kidogo. Ulezi wenyewe unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa, unasagwa. Siri iko katika kule kuota. Mbegu inapotaka kuchipua huanza kuugeuza wanga wake kuwa sukari, na sukari ndiyo inayoliwa na chachu. Shayiri ya bia ya kiwandani inapita njia hiyo hiyo. Bibi yangu alifariki kabla sijamwuliza vipimo vyake, na hilo ndilo lililonifanya nianze: ndoo mbili za plastiki jikoni, kipimajoto, na daftari la kuandikia. Ilinichukua mwaka mzima kupata mbege ambayo shangazi yangu aliinywa hadi chini ya kibuyu.

Basi mzizi ule niliutwanga, nikapika uji wa dona, nikautia uji ukiwa bado unatokota, nikafunika. Asubuhi uji ulikuwa umeganda vilevile, unanuka udongo. Nikajaribu tena, na tena, mpaka mzizi ukaisha. Binamu yangu aliponisikia nikilalamika akasema mama aliyemwuzia anamfahamu, kibanda chake kiko karibu na yadi ya malori, na kwamba mwezi Septemba anapanda tena. Nikaomba likizo.

Safari ya kwenda nitaisema kwa ufupi, maana madereva wameisimulia vizuri kuliko ninavyoweza: Tunduma, Zambia hadi Ndola na Kitwe na Chingola, kisha Kasumbalesa mpakani, ambako tulilala siku nne kwenye foleni. Lubumbashi tulipumzika usiku mmoja. Mezani kwetu zilisimama chupa mbili, moja ya Simba na moja ya Tembo, bia zinazopikwa hapohapo mjini na Brasimba. Pwani ya kwetu tembo ni mnyama, na tembo vilevile ni ile pombe inayogemwa mnazini. Kumbe huku Katanga neno hilo limepata mwili wa tatu: bia nyeusi, nzito, yenye utamu wa kimea kilichokaangwa. Niliinywa polepole, nikifurahia neno langu kulikuta limesafiri kabla yangu.

Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni kama kilomita 300. Unapita Likasi, unapita vilima vya Fungurume, unavuka mto Lualaba. Malori yanayokuja upande wako yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mabamba mapana kama meza, na jua likiyapiga huwezi kuyatazama. Miti ya miombo kandokando ilikuwa imetoa majani mapya, na kabla ya mvua majani hayo huwa mekundu. Kwa saa nzima sikuona kijani.

Kolwezi iko juu, mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na maji yake yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hilo nilipima mwenyewe siku ya kwanza, kwenye birika la nyumba ya wageni. Mji ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na tangu 2015 ndio makao makuu ya jimbo la Lualaba. Madini yako chini ya kila kitu. Mwaka 2014 yaligunduliwa chini ya mtaa wa Kasulo, na watu wakachimba ndani ya viwanja vyao, wengine sebuleni.

Pembeni mwa mji kuna Kingamyambo. Kwenye karatasi za makampuni jina hilo ni la bwawa, lakini usitegemee maji ya kuvua samaki. Ni bwawa la tope la madini, lililokauka likawa laini kama unga. Ni mabaki ya mtambo wa kusafishia mawe wa Kolwezi, yaliyomwagwa pale na katika bonde la mto Musonoi kuanzia miaka ya 1950. Yalipokuja kupimwa, ya Kingamyambo na ya Musonoi pamoja, yalizidi tani milioni 100, na ndani yake shaba bado ilikuwa karibu asilimia moja na nusu, pamoja na kobalti. Ndiyo maana sasa yanarudishwa kiwandani.

Nilimwomba binamu yangu asimamishe gari. Alinieleza mtambo unavyofanya kazi, kama alivyoelezwa na vijana wa pale: mawe yanasagwa hadi unga, unga unatiwa maji na dawa, unapulizwa hewa kwa chini. Chembe za shaba zinashikamana na povu, zinapanda nalo juu, povu linaenguliwa. Kinachobaki kinamwagwa. Mimi niliyesimama pale nikasikia lugha ya jikoni kwangu: kusaga, kuloweka, povu, kuengua, machicha. Machicha ya mbege tunawapa nguruwe na mambo yanaisha. Haya ya Kingamyambo yamekaa miaka sabini, yamefunika bonde, na bado hayajamaliza kukamuliwa.

Mama tuliyemfuata anakaa Manika. Kibanda chake ni nguzo nne na bati, benchi mbili, ndoo kubwa yenye mfuniko, na vikombe vya plastiki vya rangi. Wateja wa asubuhi ni wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni, na madereva. Mwenyewe ni mwanamke mrefu, amepita miaka sitini, kitenge amekifunga juu ya sweta, kwa kuwa asubuhi za Kolwezi zina baridi.

"Jambo, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyeharibu mzizi wako Dar es Salaam."

"Jambo, papa. Ikala hapa," akanijibu, akanionyesha benchi. Kule kila mwanamume, hata mtoto mchanga, anaweza kuitwa papa kwa upendo. Akanisikiliza mpaka mwisho nikimweleza nilivyofanya. Kisha akauliza swali moja: "Ulitia muzizi mu maji ya moto?"

Nikakubali.

"Njo uliua. Ule muzizi iko na roho, papa. Ukiutia mu moto, unakufa."

Alichokiita roho, vitabu vya baiolojia vinakiita vimeng'enya. Mzizi wa munkoyo umebeba vimeng'enya vya aina ileile vinavyotokea kwenye ulezi unaoota: vinaukata wanga vipandevipande mpaka unakuwa sukari. Joto la kadiri linaviamsha, joto kali linaviharibu moja kwa moja. Nilikuwa nayajua hayo yote kuhusu kimea. Nina ukurasa mzima katika daftari langu. Kwa mzizi sikuyafikiria, kwa sababu kichwani mwangu mzizi ni dawa, na dawa huchemshwa.

Munkoyo hunywewa kusini mwa Kongo na Zambia pia, na jina hilo moja linabeba mimea zaidi ya mmoja. Wataalamu wa mimea wanataja Rhynchosia, wanataja Eminia, wanataja aina ya Vigna, yote ya jamii ya kunde. Mbelgiji François Malaisse, aliyeishi na kufundisha Lubumbashi, aliandika kitabu kizima mwaka 1997 kuhusu vyakula vya misitu ya miombo, na ukikisoma unaelewa kwamba msitu huu ambao mgeni anauona mkavu ni ghala. Uyoga, viwavi, asali, matunda, na chini ya udongo mizizi.

Mama hakutaka kunifundisha kupika kabla sijauona mzizi unatoka wapi. Siku ya pili alinikabidhi kwa binti yake na mwanamke mwingine anayechimba, tukatoka alfajiri kwa pikipiki mbili kuelekea upande wa ziwa Nzilo. Mama alisema zamani, akiwa msichana, alikuwa anauchimba kwa mguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Sasa pikipiki ilikwenda zaidi ya saa moja. Njiani tulipishana na baiskeli zinazosukumwa, kila moja na magunia ya makala, kama wanavyoyaita makaa, hata msukumaji haonekani. Mji unapika kwa makala, na makala ni miombo. Kinachobaki kina uzio wa kampuni. Yule mchimbaji alinionyesha vilima viwili vya zamani vya mama: kimoja kimekatwa miti, kingine kiko ndani ya waya na mlinzi amesimama getini.

Tulipofika alitembea akitazama chini kwa muda mrefu. Mmea wenyewe ni mtambazi, majani yake matatumatatu kama ya maharage, lakini Septemba yamekwisha kauka na moto wa porini umepita. Alikuwa anatafuta kijiti. Alipokipata akapiga magoti, akachimba pembeni kwa jembe dogo, kisha kwa mikono, mpaka mzizi ukaonekana, mweupe kwa ndani, unatoa maji alipoukwangua kwa kucha. Akaunusa. Akanipa ninuse: kunde mbichi, na kwa mbali kitu kama karanga. Alichukua mizizi ya pembeni, ule wa katikati akauacha na kuufukia na kuukandamiza kwa kisigino. Nilipomwuliza kama wote wanafanya hivyo, alitikisa kichwa. Wengine wanang'oa wote, maana wakirudi hawajui kama patakuwa bado pao.

Nilikwenda Kolwezi nikidhani nimefuata mbinu, na mbinu niliipata. Lakini tangu siku ile naona kwamba pombe ya nyumbani haianzii jikoni. Mbege ya bibi yangu ilianzia kwenye mfereji unaomwagilia migomba, na munkoyo unaanzia hapa, kwenye udongo ambao kila mtu anayeutazama anatazama kitu kingine kilicho chini yake.

Jioni ile mama alisimulia habari zake huku tukikwangua mizizi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ambayo serikali iliitaifisha na ambayo baadaye ilikuja kuitwa Gécamines. Mumewe naye akafuata huko huko. Kulikuwa na nyumba, shule, hospitali, na kila mwezi gunia la bunga, kama wanavyouita unga. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na baada ya hapo kampuni nzima ikaanza kulegea. Mishahara ikachelewa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa malipo ya mkupuo, mumewe akiwamo. "Batoto balisoma na munkoyo," akasema mama, akionyesha ndoo. Watano. Mmoja ni mwalimu.

Hauzi lutuku, ile kali inayokenekwa kwa mahindi au mihogo. Majirani wanauza na faida yake ni kubwa. Yeye alisema hataki kumlevya kijana anayeshuka shimoni. Munkoyo wa siku moja hauna kileo cha maana, wa siku mbili una kidogo, na wachimbaji wanaunywa kama chakula. Nikakumbuka ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Zambia, ambako wakati wa ukoloni halmashauri zilijenga kumbi zao za pombe, na mwanamke aliyepika nyumbani kwake alikuwa anavunja sheria. Mapato ya kumbi yaliingia halmashauri. Ndoo kama hii ya mama ilikuwa mshindani wa serikali.

Tulipika siku ya tatu. Sufuria, ambayo yeye anaiita nyungu, ilikuwa kwenye mbabula, jiko la makala. Maji aliyanunua kutoka kisima kirefu, dumu kwa dumu, na aliyaonja kila dumu kabla ya kulipa, kwa sababu kuna maji Kolwezi yanayoacha ladha ya chuma ulimini. Alitia bunga ya mahindi iliyosagwa nene, akakoroga zaidi ya saa moja. Mimi nilitwanga mizizi kwenye kinu mpaka ikawa nyuzinyuzi kama makumbi ya nazi. Uji ulikuwa mzito kiasi kwamba mwiko ulisimama wenyewe. Akaushusha chini.

Hapo ndipo palipokuwa na somo. Alikaa tu. Alisuka nywele za mjukuu, akauza vikombe sita, akarudi. "Tia kidole," akaniambia. "Ukihesabia mpaka kumi bila kutosha mukono, njo tunatia." Kwetu kutosha ni kufikia kiasi, huku kutosha ni kutoa. Nilifika saba nikautoa mkono. Tukasubiri. Mara ya pili nikafika kumi na kitu, nikatia kipimajoto kwa ajili ya daftari langu: nyuzi 52. Nikamwonyesha. Alikitazama kile kioo kwa heshima, akakirudisha, akasema kidole chake hakijawahi kuanguka kikavunjika.

Tukatia mzizi, akaniambia nikoroge mimi. Dakika za kwanza hakukuwa na kitu. Mkono ulikuwa unauma na nyuzi zinajizungusha kwenye mwiko. Halafu nilisikia kwenye kifundo cha mkono kabla sijaona kwa macho. Uji uliachia. Mwiko uliokuwa ukivuta ukaanza kuteleza, kisha ukaogelea, na uso wa sufuria ambao ulikuwa na vilima ukalala bapa na kung'aa. Mwiko niliposimamisha katikati uliinama polepole ukagonga ukingo. Uji ule ule, hakuna tone la maji lililoongezwa. Nilichota kwa kijiko nikaonja: ulikuwa mtamu. Hatukuwa tumetia sukari hata chembe. Miaka mitatu napika pombe, nimesoma jinsi wanga unavyokatika, na sikuwahi kuushuhudia ukikatika mkononi mwangu. Macho yaliniingia maji, na sikuyaficha.

"Umelegea," mama akasema.

Tulichuja, nyuzi zikatundikwa kukauka maana zinaweza kutumika tena. Kinywaji kikamiminwa kwenye ndoo yake ileile, ambayo haioshwi kwa sabuni hata siku moja. Husuuzwa kwa maji tu, na kilichobaki kwenye kuta zake ndicho kinachochachua kinachofuata. Nilipouliza ndoo ina umri gani alisema ilinunuliwa ilipochakaa ya kwanza, na ya kwanza ilipokea kutoka kibuyu cha mama yake. Kwa hiyo chachu ile imehama vyombo, haijakatika.

Asubuhi iliyofuata binamu yangu alikuwa amekwisha pakia, injini inaunguruma barabarani. Mama alinifungia mafungu manne ya mizizi kwenye kitambaa, na chupa ya munkoyo wa zamani ya kuanzishia ndoo yangu, akaniagiza kizibo nikilegeze kila jioni isije ikapasuka. Nikataka kumlipa. Alipokea nusu.

Kijana mmoja alifika, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akaketi benchi ya pili bila kusema. Mama alifunua ndoo, akachota ule niliokoroga mimi, akampa, wala hakunitazama. Kijana akanywa mpaka nusu, akashusha kikombe, akafikiri.

"Leo iko tamu, mama. Haijachacha sana."

"Kesho itakuwa muzuri," mama akamjibu. Yule kijana akamaliza kikombe, akakinyoosha apewe kingine, nami nikapanda lori.